Besi Haichezwi

Nduguti, ukisema mdogo wako ni mchezaji, utaulizwa anachezea timu gani. Kiswahili kimeshagawa kazi hizi: mpira huchezwa, bao huchezwa, lakini gitaa, kinanda na besi hupigwa. Hata ngoma ina pande mbili. Anayeicheza yuko uwanjani anashangiliwa, anayeipiga yuko pembeni na viganja vinamwaka. Kwa hiyo nilishangaa kukuta, kwenye orodha ya wanamuziki wa albamu moja ya jazi ya Marekani, jina la Mchezaji. Mwenye jina hilo hakuwa mwanasoka. Alikuwa mpiga dabo besi, ile fidla kubwa kuliko mtu, inayosimamishwa sakafuni na kukwanyuliwa kwa vidole.

Nilikuwa nikimtafuta mtu wa aina yake kwa sababu ya simu ya Baba.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya kusomea uhasibu. Lakini anataka kwenda Dar es Salaam kupiga besi kwenye bendi. Besi aliifundishwa na Baba mwenyewe, aliyefundisha kwaya miaka ishirini na mbili na kulipwa soda na asante. Sisi sote tumekulia mazoezini: mama sauti ya pili, mimi kinanda, mdogo wangu besi tangu hajaweza kulibeba gitaa bila kuliburuza. Karo zetu zilitoka kwenye vitunguu na alizeti.

"Ongea na mdogo wako," Baba aliniambia. "Wewe unasoma uzamili, atakusikia. Mwambie kucheza kuna mwisho."

Alisema kucheza. Mwalimu wa kwaya, anayejua vizuri kuwa besi hupigwa, alichagua neno la watoto.

Mchezaji niliyemkuta anaitwa Buster Williams. Alizaliwa Camden, New Jersey, mwaka 1942, na jina lake la kuzaliwa, Charles Anthony Williams, ni la baba yake. Baba huyo alikuwa mpiga besi, na ndiye aliyemfundisha mwanawe muziki. Buster alianzia kwenye kinanda na dramu, kisha akamsikia Oscar Pettiford akipiga besi kwenye rekodi ya Stardust, na safari ikageuka. Mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka 17, alipata kazi kwenye kundi la mpiga saksafoni Jimmy Heath huko Philadelphia. Mwaka huohuo alikuwa akisoma nadharia ya muziki katika Chuo cha Muziki cha Combs, mjini humohumo. Maelezo hayo mawili niliyapigia mstari: alipiga na alisoma.

Mwaka uliofuata aliingia barabarani na bendi ya Gene Ammons na Sonny Stitt. Bendi ikakwama Kansas City, vijana hawana nauli. Ilibidi wapige na mwimbaji Al Hibbler ndipo wakapata fedha ya kurudi nyumbani. Baadaye alipiga nyuma ya waimbaji wakubwa, Sarah Vaughan na Nancy Wilson, na mwaka 1967 akapiga kwa muda na Miles Davis. Kisha akaingia kundi la mpiga kinanda Herbie Hancock.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Jimmy Heath, yule aliyempa Buster kazi, alitoka familia ya muziki kama yetu, ila yao ilivuma dunia nzima: kaka yake Percy alikuwa mpiga dabo besi, mdogo wao Albert mpiga dramu. Mtoto wa Jimmy alijiita Mtume. Alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, mwanzilishi wa Kwanzaa, katika miaka ambayo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika ya kujiitia, na wengi wao waliiona katika Kiswahili. Kupitia Mtume, kundi la Hancock lilipata majina. Hancock akawa Mwandishi, Billy Hart akawa Jabali, Julian Priester akawa Pepo Mtoto. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta aliyekuwa pia daktari wa hospitali, akawa Mganga. Buster akawa Mchezaji.

Mimi nasoma isimu ya Kiswahili, na jicho langu liliona haraka kilichotokea. Kwa Kiingereza neno moja hubeba anayecheza mpira na anayepiga ala. Mtu amefungua kamusi, amelichukua lile la kwanza. Vivyo hivyo kwa Hancock: kwetu anayebuni muziki ni mtunzi, mwandishi ni wa vitabu na magazeti.

Ningeweza kucheka, ila nani amcheke nani? Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 1930. Baadaye zikaja Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na NUTA Jazz ya mwaka 1964. Karibu zote zilipiga dansi, rumba yenye ladha ya hapa, na mtu wa New Orleans angezisikiliza usiku kucha asisikie jazi anayoijua. Tulichukua neno lao kwa sababu lilikuwa na heshima ya mjini, nao wakachukua letu kwa sababu lilikuwa na heshima ya uhuru. Na hata sisi wa Nduguti, hilo "letu" tulipewa. Bibi yangu aliota kwa Kinyiramba mpaka anakufa. Kiswahili alikipata redioni na kwenye foleni ya zahanati.

Niliisikiliza albamu ya Mwandishi, iliyotoka mwaka 1971, nikiwa na maneno ya Baba kichwani. Kipande cha kwanza kina dakika kama 13, na sehemu kubwa kinakaa juu ya mstari mmoja wa besi wenye hesabu ya mapigo 15, hesabu isiyokubali mguu utulie. Wengine wanaondoka na kurudi, tarumbeta inalia, kinanda kinapotea. Besi inabaki. Mtu akiteleza hapo, nyumba yote inaanguka. Hicho si kitu cha kucheza kwa maana ya Baba. Lakini kundi hilo, pamoja na sifa zote, lilivunjika mwaka 1973 kwa sababu gharama zake zilizidi mapato. Kwa hilo Baba alikuwa na haki, naye hakuhitaji kwenda Marekani kulijua.

Nilimpigia mdogo wangu kwanza. Sikumwambia aende wala abaki. Nilimsimulia Kansas City.

"Dada, kwa hiyo alirudi nyumbani?"

"Alirudi, halafu akaondoka tena."

Akasema atasikiliza kile kipande. Siku mbili baadaye alinitumia sauti kwa WhatsApp: mapigo 15, yamekatika mara nne, mara ya tano yamezunguka.

Kisha nikampigia Baba. Baada ya shikamoo na habari za vitunguu nilimweleza yote, chuo cha Combs na kundi lililovunjika, bila kuficha upande wowote.

"Huyo kijana," Baba aliuliza, "nauli ya kurudi alitumiwa na nani?"

"Hakutumiwa, Baba. Aliipigia besi."

Akakaa kimya, nikasikia jogoo wa jirani.

"Baba yake naye alikuwa mpiga besi, umesema?"

"Ndiyo. Ndiye aliyemfundisha."

"Basi alijua alichokuwa anampa," akasema, na sikuweza kutambua kama anamsema baba yule au anajisema mwenyewe.

Muda wa kuthibitisha nafasi ya chuo unafungwa wiki ijayo. Mdogo wangu anaulizia vyuo vya Dar es Salaam vinavyofundisha uhasibu jioni. Baba hajasema ndiyo. Ila jana alinitumia ujumbe mfupi, herufi kubwa tupu kama kawaida yake: ULIZIA BEI YA NYUZI ZA BESI, HIZI ZIMEOTA KUTU.