Daftari la Pili

Mwalimu anayesimuliwa hapa ndiye anayeandika. Alifundisha sayansi darasa la nane nchini Kenya wakati wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, kipimo kikiwa kimoja: KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985. Karatasi yake ya sayansi ilikuwa na maswali 50, yote ya kuchagua A, B, C au D. Mtoto aliyeweza kutengeneza kichujio cha maji kwa chupa, mchanga na makaa hakupata alama hata moja kwa ustadi huo. Aliyekariri mpangilio wa matabaka yake alizoa zote.

Ndipo akaanza kuweka madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la alama, lile ambalo mwalimu mkuu alilikagua. Katika la pili aliandika aliyoyaona watoto wakiwa kazini: nani anauliza kabla ya kuanza, nani anamsikiliza mwenzake hadi amalize, nani anakifungua kichujio kilichokwama na kutafuta tatizo badala ya kuiga cha jirani. Msichana mmoja, mkiani katika kila mtihani wa majaribio, alijaza kurasa za daftari hilo kuliko wote. Kundi lake lilipogombana, yeye ndiye aliyegawa kazi. Maji yalipotoka meusi, yeye ndiye aliyesema makaa yaoshwe kwanza.

KCPE haikuwa na swali la kumuuliza hayo.

Mtaala wa umilisi ulipoingia madarasani kote nchini Januari 2019, ulitaja umilisi saba, ukiwemo ushirikiano, utatuzi wa matatizo na kujifunza namna ya kujifunza. Mwalimu alifurahi kwelikweli. Tathmini za shuleni, Gredi ya 4 hadi ya 6, zilipewa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa shule ya msingi. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 iliyofanywa mara ya kwanza 2022, ikabaki na 40.

Lakini ushirikiano hauonekani kwa mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake na fomu za kujaza jioni. Atawaandikia wote kwamba wamefikia matarajio, na mzazi hataambulia kitu. Mwalimu wa daftari la pili huwatazama wachache tu kila kipindi, akiandika tendo, si sifa: si “mbunifu”, bali “aliwaambia wenzake waoshe makaa”. Siku ya wazazi huwasomea sentensi hizo kabla ya alama, na ndizo wanazoziulizia zaidi.

Walimu wapya anawafunza kuandika hivyo. Kwa wizara ana dai moja: wanafunzi wapunguzwe darasani kabla fomu hazijaongezwa.