Nane Nane, Mkulima Alale Wapi?

Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya mkulima. Hilo kila mtoto wa shule Tanzania analijua. Zamani mkulima alisherehekewa Saba Saba, tarehe ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Baadaye Saba Saba ikaachiwa wafanyabiashara na maonyesho yao ya Dar es Salaam, mkulima naye akahamishiwa Nane Nane. Mimi sina ugomvi na tarehe, ndugu msomaji. Ugomvi wangu ni juu ya kitanda.

Wakulima wa Kanda ya Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, hukutana Morogoro mjini kwenye viwanja vya Mwalimu Julius K. Nyerere. Siku nane nzima watu humiminika kama siafu. Mbegu zipo, ng'ombe wa maziwa wapo, matrekta yapo, spika zinapiga kelele kuanzia asubuhi. Wanasiasa watakuja, watapiga picha wameshika mahindi, wataondoka. Yote hayo utayasikia redioni. Usichokisikia ni kwamba usiku ukiingia, yule mwenye sikukuu yake huanza kuzunguka mji mzima akiuliza chumba.

Sisi tulitoka Sanje. Kwa asiyepajua, ni kijiji chini ya milima ya Udzungwa, ukishapita Kidatu na kabla hujafika Mang'ula, kwenye njia ya kwenda Ifakara. Maporomoko yetu ya maji yanashuka zaidi ya mita 170, na kuna kima anayeitwa kwa jina la kijiji chetu, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979. Kwa hiyo wageni tumewazoea. Wazungu wanakuja na viatu vyao vizito, wanapanda mlimani, wanashuka wamelowa jasho, wanaulizia maji baridi. Mgeni Sanje akikosa pa kulala ni aibu ya kijiji.

Julai 2024 shangazi yangu na wenzake wa kikundi cha akina mama waliamua kupeleka mchele wao Nane Nane. Mavuno yalikuwa yametoka, mchele ulikuwa mweupe na unanukia ule unukiaji wa bondeni ambao watu wa mjini wanalipia. Magunia manne, kila moja kilo mia. Wanawake watatu walichaguliwa kwenda: shangazi mwenyewe, mama mmoja mtu mzima ambaye wote tunamwita Bibi, na binti mmoja mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni. Huyo binti ndiye aliyekuwa anajua hesabu za kikundi, bila yeye daftari halisomeki. Mimi nilichukuliwa kama mbebaji wa magunia na "mtoto wa mjini", eti kwa sababu nimewahi kuishi Moro miaka miwili.

Tulishuka Msamvu tarehe 31 Julai mchana, vumbi hadi kwenye kope. Mchele tukaupeleka bandani. Kisha mimi na shangazi tukaanza kazi ya kutafuta gesti.

Ya kwanza: "Zimejaa." Ya pili: "Zimejaa tangu juzi." Ya tatu, dada wa mapokezi alituangalia juu hadi chini, mimi kijana na shangazi mtu wa makamo, akauliza, "Mnataka ya muda mfupi au ya kulala?"

"Ya muda mfupi ndiyo ya namna gani?" shangazi akauliza. Shangazi yangu ni mzee wa kanisa.

Mimi nikageukia ukutani nikasoma tangazo kwa bidii zote. Na kweli tangazo lilikuwa na mambo ya kusoma. Malipo kabla ya huduma. Mwisho wa kutoka chumbani saa 4 asubuhi. Wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Watu watatu chumba kimoja ni marufuku. Wewe mwenye mfuko mwembamba, ambaye hesabu yako ni kuchangiana kitanda na wenzako, unaambiwa mapema kabisa kwamba ujanja wako tumeshaujua.

Gesti ya nne ilikuwa na nafasi. Dada akafungua lile daftari kubwa la wageni, akampa shangazi kalamu. Jina. Kabila. Umetoka wapi. Unakwenda wapi. Kazi. Shangazi akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: mkulima. Akanyoosha mgongo, akauliza bei.

"Elfu thelathini."

"Kwa wiki?"

"Kwa usiku, mama."

Chumba hicho hicho siku za kawaida ni elfu kumi na mbili, mimi mwenyewe nilikuwa nakijua. Kitanda, neti iliyotoboka, kandambili mbili za rangi tofauti, ndoo ya maji, choo cha nje. Kasheshe! Shangazi hakupandisha sauti. Alipiga hesabu kwa vidole. Mchele tulipanga kuuza shilingi 2,500 kwa kilo. Usiku mmoja, kilo kumi na mbili. Usiku nane, shilingi 240,000, gunia zima limekwisha, zimebaki kilo nne tu. Na kwa kuwa watatu hawaruhusiwi chumba kimoja, wanawake wale wangehitaji vyumba viwili. Karibu magunia mawili kati ya manne yaende kwenye godoro! Hapo hujalipa nauli wala hujala, na mtoto hajanunuliwa hata dawa.

"Mwanangu," akamwambia yule dada, "umeona nilivyoandika hapa kwenye kazi?"

"Nimeona, mama."

"Basi si sikukuu yangu hii?"

Yule dada alicheka, lakini si kwa dharau. Alituketisha, akatueleza biashara ilivyo, na namshukuru kwa hilo maana wengine walikuwa wanatufukuza kwa mkono tu. Alisema wakati wa masika vyumba vinakaa vitupu, tajiri analipa umeme na mishahara kwa kukopa. Siku hizi nane ndizo zinazoziba mashimo ya mwaka. Tena wateja wakubwa si wakulima. Ni watumishi wa ofisi na makampuni wanaokuja kusimamia mabanda yao. Hao wana posho, na wengine vyumba vyao vinalipiwa tangu Julai. "Mgeni wa posho haulizi bei," akasema, "anauliza risiti."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye kidaftari changu usiku ule ule. Vitanda vya mji vinahesabika. Anayelala kwa hela ya ofisi akishakubali elfu thelathini, hiyo ndiyo inakuwa bei, na mwenye hela ya mpunga atajijua. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kumfukuza mkulima mjini. Bei inamfukuza yenyewe, kimya kimya, na kila mtu ana sababu yake nzuri.

Tukajaribu hosteli za makanisa, ambazo kwa msafiri wa hela ndogo ndiyo kimbilio: pasafi, hakuna pombe, geti linafungwa mapema. Zilikuwa zimejaa vikundi vilivyokuja na barua. Jioni hiyo mji wote ulikuwa unazungumzia treni mpya ya umeme iliyokuwa imeanza kubeba abiria mwezi Juni. Kutoka Dar hadi Morogoro haifiki saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilikuwa elfu kumi na tatu. Hebu piga hesabu mwenyewe. Kwenda na kurudi ni elfu ishirini na sita, yaani mtu wa Dar anaweza kuja kuangalia ng'ombe wetu, akale nyama choma, arudi kulala kwake, na bado ametumia hela kidogo kuliko kitanda kimoja. Nikamtania shangazi kwamba bora twende tukalale kwenye treni. Akasema, "Reli hiyo inapita Sanje?" Nikanyamaza.

Usiku wa kwanza wote watatu walilala bandani, juu ya magunia, kanga zimetandikwa. Mimi nililala mlangoni na mlinzi wa mabanda ya jirani. Shangazi alikuwa hana wasiwasi. Bondeni kwetu, mpunga ukianza kukomaa, watu wanahamia mashambani, wanajenga dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, na humo wanalala wiki kwa wiki wakilinda ndege na nguruwe. "Nimelala dunguni tangu sijaolewa," akasema. "Hili banda lina hadi bati."

Bibi naye alikuwa ameshachagua gunia lake, ameliegemea kama mume.

Ila Agosti ni kipupwe. Usiku upepo unashuka kutoka Uluguru unapenya kwenye turubai kama kisu. Saa nane za usiku mtoto alianza kukohoa. Alikohoa hadi alfajiri. Kulipokucha, binti alikuwa ameshafunga mzigo wake. Alisema anarudi Sanje na basi la kwanza. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alimkabidhi shangazi daftari na kumwonyesha mahali pa kuandika mauzo, na shangazi aliligeuza lile daftari mikononi kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Nauli ya kumrudisha, mauzo bila mtu wa hesabu, mwaka mzima wa kulima kwa zamu katika shamba la pamoja... Vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye kifua cha mtoto mmoja.

Aliyetuokoa alikuwa mama lishe. Alikuja asubuhi ile kununua kilo tano za mchele wa pilau, mteja wetu wa kwanza kabisa. Alishika punje, akanusa, akauliza unatoka wapi. Kabla hajajibiwa, mtoto akakohoa.

"Huyu mtoto amelala wapi?" akauliza.

Msomaji, kati ya watu wote tuliokutana nao toka Msamvu, huyo ndiye wa kwanza kuuliza swali hilo. Wengine wote walituuliza tuna shilingi ngapi.

Yeye alikuwa amepanga chumba kimoja huko Tungi, si mbali na viwanja. Mume wake ni mlinzi, anaingia kazini jioni na kurudi asubuhi. "Kitanda changu usiku kina nafasi ya mtu mmoja na kichanga," akasema, "mchana ni cha baba watoto." Basi. Hakuna daftari la wageni wala kuulizwa kabila. Binti akafungua mzigo wake. Usiku akawa analala ukutani na mwanawe, chini ya blanketi zito, saa kumi alfajiri wanaamka wote, mwenyeji anawasha moto wa chai, binti anasaidia kukatakata vitunguu kabla ya kuja bandani. Kikohozi kiliisha siku ya nne.

Shangazi alitaka kumlipa. Mama lishe akakataa, akasema mkimaliza mniachie mchele wa kula. Wakamwachia kilo ishirini. Mwenye kupenda hesabu atasema hizo nazo ni hela, shilingi elfu hamsini. Ni kweli, lakini kwa usiku saba, na kwa mtoto mzima.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kuhusu miji na sikukuu zake. Kule Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa wa kila Julai, inasemwa kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo imekosa baraka, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayehangaika kutafuta mgeni. Sisemi Morogoro igeuke Makunduchi. Mji wa wapangaji, watu sita chumba kimoja, utampokea nani? Ila yule mama lishe alikuwa mpangaji. Kitanda chake kilikuwa kinafanya kazi zamu mbili kama kiwanda, na bado kilikuwa na nafasi.

Lakini bahati ya kukutana na mtu mwema si mpango. Pale viwanjani nimeona mashamba ya mfano yenye mboga zilizopangwa kwa kamba, nimeona mabanda ya ghorofa yaliyojengwa kwa matofali, yakitumika siku nane kisha yakifungwa. Bweni la wakulima sikuliona. Nazungumzia bweni la kawaida tu: vitanda vya chuma, blanketi, choo kinachofungika, upande wa akina mama na upande wa wanaume, kwa elfu tano. Mtu anayeletwa pale ili aonyeshwe kilimo bora, si angeanza na usingizi bora?

Juni 2025 yule mama lishe alikuja Sanje wakati wa mavuno. Alilala kwenye kitanda cha shangazi, shangazi akalala kwenye mkeka, na hakuna aliyeweza kuwabadilisha. Aliondoka na magunia mawili kwa bei ya shambani, na mtoto, ambaye sasa anatembea, alimsindikiza hadi barabarani akiwa ameshika kanga yake.

Biashara yao inaendelea. Bweni bado ni maneno yangu kwenye karatasi hii. Kwa hiyo nakuomba wewe unayeishi Moro, hasa kijana mwenzangu unayependa kuandika na unayetafuta kisa mbali: tarehe 31 Julai nenda viwanjani jioni, taa zikishazimwa na spika zikinyamaza. Pita mabandani taratibu. Ukisikia mtu anakohoa gizani, usiulize anauza nini. Muulize amelala wapi.