Mume Wangu, Magazijuto na Mimi

Nianze kwa kuungama, maana bila hivyo hutanielewa. Kidato cha nne nilipata F ya hesabu. Si D ya kubahatisha, F yenyewe. Nikaenda zangu kusoma HKL, chuo kikuu nikachukua mawasiliano ya umma, na tangu hapo mimi na hesabu tukawa kama wapenzi walioachana vibaya: tukikutana njiani, mmoja anavuka barabara.

Maisha yakaenda. Nikawa mhariri. Nikaolewa na mhasibu (ndiyo, cheka tu), tukajaliwa mtoto ambaye sasa yuko darasa la tano, shule ya serikali hapo jirani. Ndani ya nyumba mahesabu yote ni ya baba, barua zote ni za mama. Kila mtu na idara yake, raha mustarehe.

Ndipo nikaamua kuomba shahada ya uzamili Marekani. Siku hizi vyuo vingi huko vimeacha kudai mtihani wa GRE, lakini kozi niliyoipenda mimi, kwa bahati yangu, bado inaudai. Na GRE, mpenzi msomaji, ina hesabu: maswali 27 kwa dakika 47. Kwanza maswali 12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri fungu la kwanza, la pili linakuja gumu zaidi. Yaani unaadhibiwa kwa kujua! Alama zinaanzia 130, mwisho 170.

Nikaanza kujiandaa kwa siri. Nasubiri mwenzangu alale, nanyata sebuleni na kompyuta yangu. Wenzangu wanaficha meseji, mimi naficha sehemu na asilimia. ETS, wenye mtihani wao, wanatoa majaribio ya bure ya kufanyia kwenye kompyuta. Nikafanya la kwanza. Nikapata 139. Nilizima taa nikakaa gizani kama mtu aliyefiwa.

Wiki ya pili akaja kunywa maji.

"Unachati na nani saa saba usiku?"

Sikujibu. Akaja mwenyewe kwenye skrini. Akakuta pembetatu.

Jamani, kwa sekunde moja nilitamani angekuta meseji. Meseji ningejitetea. Pembetatu ningeitetea vipi?

Yeye akacheka, akavuta kiti. "Kumbe! Ungeniambia. Mbona hii rahisi tu."

Hilo neno "rahisi" ndilo lililotuletea balaa. Akawa ananifundisha kila jioni baada ya kula. Anachukua kalamu, anaruka hatua tatu, anafika kwenye jibu, ananiangalia: "Si umeona? Rahisi." Mimi sijaona kitu. Naitikia kwa kichwa, maana mwanamke mwenye digrii yake, anayesahihisha makala za watu, ataanzaje kusema hajui kujumlisha sehemu mbili? Jioni moja akasema "rahisi" ya mwisho. Nikatupa kalamu ukutani. Akainuka, akaenda kulala. Siku nne tukawa tunaongea habari za unga na nauli ya mtoto, basi.

Siku ya nne usiku nikarudi peke yangu kwenye kompyuta. Kuna aina ya maswali kwenye GRE ambayo unapewa viasi viwili, A na B, uamue kipi kikubwa. Majibu ni manne: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa ulizopewa hazitoshi kujua. Swali likawa hivi: A ni x ikizidishwa kwa x. B ni x yenyewe. Mimi mbio mbio nikabonyeza A. Nikakosa. Nikajaribu na namba. Ikiwa x ni 3, A ni 9, kweli kubwa. Ikiwa ni 1, vinalingana. Ikiwa ni nusu, A ni robo, na B ndiyo inakuwa kubwa. Kwa hiyo jibu ni la nne: taarifa hazitoshi.

Nikalitazama hilo jibu kwa muda mrefu. Kwa siku nne mimi nilishaamua kwamba mume wangu ananidharau. Kwamba anajuta kuoa mtu asiye na kichwa. Taarifa hizo nilizitoa wapi? Sikuwahi kumwuliza.

Nikaenda chumbani, nikawasha taa. "Hivi, unaniona mjinga?"

Akakaa kitandani. Akanyamaza hadi nikajuta kuuliza. Halafu akasema, "Kila ukipata swali, nakuona uko uwanja wa ndege."

Nilichoka. Mwezi mzima tunagombania sehemu, kumbe tunagombania miaka miwili.

"Kwa hiyo ulikuwa unanifundisha vibaya makusudi?"

"Si makusudi. Ila sikuwa na haraka."

Tulicheka, halafu tukaongea hadi adhana ya alfajiri: mtoto atabaki na nani, ufadhili nisipopata itakuwaje, na je, ndoa inavumilia bahari katikati? Siwezi kukudanganya kwamba tulimaliza yote. Lakini tulikubaliana nimalize maandalizi kwanza, na tukajiwekea sheria tatu za mezani. Moja, neno "rahisi" ni marufuku. Mbili, mimi nafanya kwanza, yeye haruhusiwi kushika kalamu. Tatu, nikikosea hasemi nimekosea, anauliza, "Umefikaje hapo?"

Hiyo ya tatu ndiyo dawa. Akaanza kunifundisha kwa mambo yangu. Siku moja akasema: umekwenda Kariakoo, kitenge ni shilingi 100,000. Muuzaji anapandisha bei kwa asilimia 20, kisha anakutangazia punguzo la asilimia 20. Unalipa ngapi? Nikasema 100,000 ile ile. Hakusema kitu. "Umefikaje hapo?" Nikaanza kueleza, nikajikamata mwenyewe: imepanda hadi 120,000, na asilimia 20 ya 120,000 ni 24,000. Nalipa 96,000. Ile asilimia ya pili inahesabiwa kwenye bei mpya! Nilifurahi utadhani nimepunguziwa kweli.

Jioni nyingine nimekwama kwenye mstari wenye mabano na alama kibao. Mwanangu akapita na kikombe chake cha chai, akachungulia. "Mama, si magazijuto tu?"

Magazijuto! Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mara ya mwisho kulisikia neno hilo nilikuwa na sare ya shule ya msingi. Na hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: shule ya msingi hesabu nilikuwa naziweza. Namba tasa, kipeuo cha pili, uwiano, vyote vilikuwa vyangu. Kidato cha kwanza vikabadilishwa majina yote kwa Kiingereza kwa mpigo, hakuna aliyeniambia ni vitu vile vile, nami nikaogopa kuuliza. Kufika kidato cha pili nilishajihukumu: mimi sina kichwa cha hesabu.

Nikamwazima mwanangu kitabu chake. Nikachora daftari safu mbili, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Nusu ya wageni niliokuwa nawaogopa kwenye GRE walikuwa marafiki zangu wa zamani. Nyuma ya daftari nikaandika makosa yangu kwa makundi matatu: sikujua, niliharakisha, nilisoma vibaya. Kundi la tatu ndilo lililojaa. Mhariri mzima, nasoma swali vibaya! Kikokotoo unapewa kwenye skrini, lakini hakikusomei swali.

Jaribio la pili nikapata 147. Siku ya mtihani wenyewe, alama za awali zilipotokea kwenye skrini, hesabu ilisoma 154. Najua kuna watu kwao 154 ni msiba. Kwangu mimi, mwenye F yangu, niliziangalia hadi msimamizi akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Nje mume wangu alikuwa ananisubiri ndani ya gari. Nikamwambia. Akanikumbatia kwa nguvu, halafu akakaa kimya ameshika usukani. Safari hii sikujijazia majibu. Nikamwuliza.

"Nimefurahi," akasema. "Na ninaogopa. Yote mawili."

Barua ya chuo haijafika bado, na ikifika tutakaa tena pale pale mezani. Wewe unayesoma hii, kama kuna kitu unakificha kwa mwenzako kwa sababu tu hukiwezi, mwonyeshe. Mpe na sheria zako tatu. Na kabla hujaamua ukimya wake una maana gani, jiulize kama taarifa zinatosha.

Kitabu nimeshakirudisha. Mwenyewe ana mtihani wiki ijayo, na ameniomba nimsikilize.