Dera, Kigoda na Kioo cha Simu

Mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania anayajua mazoezi kwa sura mbili. Kuna mchakamchaka wa alfajiri, kiranja mbele akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia huku vumbi likiwapanda magotini. Halafu kuna kichurachura, anachorushwa aliyechelewa mchakamchaka. Kocha wa habari hii alivipata vyote viwili, akaongezewa vingine kambini JKT mwaka 2013, serikali ilipoyarudisha mafunzo ya mujibu wa sheria kwa waliomaliza kidato cha sita. Huko aligundua kwamba mtu hukimbia mbali sana akiwa katikati ya kundi linaloimba. Aligundua pia kwamba wapo wanaotoka kambini wameapa kutokimbia tena maishani. Wa aina hiyo ndio waliokuja kuwa wateja wake.

Anayeandika ndiye kocha huyo. Amejiweka kando kwa sababu kazi yake miaka yote hii imekuwa kumtazama mtu kwa pembeni, anavyoinama na anavyoinuka, na haoni kwa nini ajipendelee.

Ajira ya kwanza ilikuwa kwenye jimu moja ya Kinondoni: vioo ukutani, feni iliyochoka, na vyuma vya kuchomelea vilivyoandikwa uzito kwa rangi nyeupe. Wenye pale mahali walikuwa vijana waliotaka miraba minne kabla ya Krismasi. Wanawake walikuja mchana kulipopooza, wakajibanza pembeni wakiruka kamba. Mwenye jimu alikuwa mtu wa maneno matamu na mishahara ya kuchelewa. Kila mwisho wa mwezi alikuwa na hadithi mpya. Kocha akaanza kuwachukua wateja nje, mmoja mmoja, saa kumi na mbili asubuhi, Viwanja vya Leaders au ufukweni Coco Beach.

Wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima, ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Sababu ilikuwepo: utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Klabu za jogging zikazidi kuonekana barabarani, fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo. Lakini wateja wa kocha hawakuwa watu wa klabu. Walikuwa wahasibu, wenye maduka Kariakoo, walimu wakuu, wastaafu. Watu ambao daktari aliwatazama juu ya miwani akawaambia wapunguze mwili, nao wakaona aibu kuupunguza mbele ya watu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake siku mbili za mazoezi ya nguvu. Kocha aliwaona wengi wao saa moja, mara mbili kwa wiki wakijitahidi. Hesabu haikutimia, na pande zote mbili zilijua. Akiondoka, mteja alikunja mkeka.

Na kuondoka kwenyewe kulikuwa kazi. Mteja wa asubuhi yuko Mikocheni, wa saa nne Tabata, wa jioni Mbagala: siku nzima inaishia kwenye daladala, begi la kamba na mipira mapajani. Mwendokasi ulioanza mwaka huohuo wa 2016 ulimfaa kati ya Kimara na mjini, lakini nani alikuwa na mteja Kimara? Foleni ilikula muda ambao angeweza kuuza, na hakuna mteja aliyeilipia.

Machi 16, 2020 ikatangazwa corona ya kwanza Tanzania, na kesho yake shule zikafungwa. Watu hawakufungiwa ndani kama kwingine, ila wateja walijifungia wenyewe. Wenye sukari na presha ndio waliokuwa na hofu zaidi, na hao ndio waliokuwa mkate wake. Aprili, WhatsApp ikaongeza idadi ya watu wanaoweza kuonana kwa video kwa pamoja kutoka wanne hadi wanane. Kocha akafanya hesabu: yeye na wateja saba. Darasa likaanza hivyo, bila mpango wa biashara wala jina.

Cha kwanza kuvunjika kilikuwa kuhesabu. Uwanjani "moja, mbili, tatu" ndiyo ngoma ya kazi. Kwenye simu sauti inachelewa, tena inamchelewea kila mtu kivyake: kocha akisema "chini", wa Tabata anashuka, wa Kigamboni ndiyo kwanza anapanda, wa Mbezi kaganda mdomo wazi. Akaacha kuhesabu. Akawa anatoa muda, sekunde 30 kila mtu kwa mwendo wake, kisha anauliza kwa namba: sifuri hadi kumi, umechoka ngapi? Kipimo cha namna hiyo kilibuniwa na Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, na kabla ya 2020 kocha alikuwa hakitumii sana kwa kuwa jasho la mteja alikuwa analiona. Sasa kikawa ndicho macho yake. Wanaume walisema "nne" huku wanahema. Wanawake walisema "tisa" huku wakimkemea mtoto kwa sauti ya kufika nyumba ya pili. Alijifunza kumsahihishia kila mmoja namba yake kimoyomoyo.

Mstaafu mmoja wa Mbagala, mama aliyefundisha shule za msingi maisha yake yote, alikuwa akifanya kaa-inuka kwa kigoda: unakishukia, unakigusa bila kujipumzisha, unainuka. Simu ilikuwa sakafuni, imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo likaonekana dera, dera tupu, maua ya zambarau yakishuka na kupanda. Magoti yako wapi humo ndani, Mungu ndiye ajuaye.

"Mama, naomba usimame kidogo. Magoti yanauma?"

"La kushoto, mwanangu. Si sana."

"Sogeza simu karibu na miguu. Karibu kabisa. Haya, shuka tena, taratibu."

Nyayo zikajaa kioo. Mama aliposhuka, unyayo wa kushoto ulilala kwa ndani, upinde wake ukabanwa sakafuni, na kidole kidogo kikanyanyuka. Ilitosha. Goti lililofichwa na dera lilikuwa linaingia ndani. Ana kwa ana kocha angeweka kiganja upande wa nje wa goti na kusema, "Nisukume, mama." Hapa aliagiza kanga, ifungwe juu kidogo ya magoti yote mawili, dera likiwa ndani yake, kisha mama ashuke akiitanua isilegee. Kidole kidogo kikarudi chini. Baada ya hapo kila mteja mpya wa simuni huanza kwa kuonyesha nyayo, na wapo wanaodhani ni ibada fulani.

Lakini somo kubwa la simu halikuwa la magoti. Uwanjani mteja huja peke yake, amejipanga, na viatu safi. Kwenye simu nyumba nzima huingia darasani. Kocha aliona zulia linaloteleza juu ya vigae, akaelewa kwa nini mteja fulani haamini mguu wake. Aliona mume akikatiza na msuli wake bila kusema samahani. Aliona dada wa kazi akifanya kila zoezi nyuma ya mlango, nje kidogo ya kamera, akiwa bora kuliko mwenye nyumba. Akamwomba mama mwenye nyumba amruhusu aingie, na mama akaanza kujitahidi ili asiaibike. Na aliona mafuta. Mteja mmoja hakuwa na vyuma, akawa ananyanyua dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, ambalo likiwa jipya halifiki kilo 5. Kila wiki dumu lilikuwa jepesi, na wiki ya tatu likaja lingine limejaa. Nyumba ya watu wanne! Mazungumzo ya vyakula vya kukaanga, ambayo uwanjani yalikuwa yakipita sikio hili na kutokea lile, siku hiyo yalikuwa na ushahidi mkononi. Sasa mteja huyo ananyanyua maji.

Kazi ikavuka bahari pia. Ndugu wa mteja mmoja, mama wa asili ya Unguja anayeishi Muscat, akaomba kujiunga. Wakati huo simu za WhatsApp zilikuwa zimezuiwa Oman, hivyo wakatumia Zoom, ambayo ukiwa huilipii inakata darasa baada ya dakika 40. Kocha aliona dakika hizo zinatosha. Mteja akijua darasa litakatika hapotezi muda kutafuta kiatu. Muscat iko saa moja mbele ya Dar es Salaam, na kiangazi joto la huko linapita nyuzi 40, kwa hiyo kutembea nje halikuwa wazo la maana. Walitembea koridoni. Mwezi wa Ramadhani wakahamia usiku, baada ya tarawehe, na hapo ndipo simu ilipouzidi uwanja kwa mbali: hakuna mwanamke wa kutoka nyumbani saa nne usiku kwenda kuruka kamba Leaders.

Mama huyo ndiye mteja pekee ambaye kocha alikubali kumwanzisha bila kuonana naye ana kwa ana. Alimtaka kwanza alete ruhusa ya daktari, na mwanawe awepo nyumbani wakati wa darasa. Wa Dar wote huanza ana kwa ana, hata wakidai wako vizuri. Siku ya kwanza ni kipimo cha presha na maswali: kifua kinauma ukijitahidi, unapata kizunguzungu, kuna mfupa au kiungo kinachosumbua, unatumia dawa gani? Kwenye simu mtu hujibu "hapana" kwa mkupuo. Akiwa mbele yako husita, na kusita kwake ndiko kocha anakokutafuta. Wanaofundisha wageni kwa video walizorekodi mara moja tu, na wapo wengi mtandaoni, wanajua kazi yao, huyu hawezi.

Kufikia 2021 wengi walitaka kurudi uwanjani, ila si kila siku. Hapo mseto ukajitengeneza: ana kwa ana mara moja kwa wiki au mara mbili kwa mwezi, kurekebisha na kuongeza uzito, siku nyingine simuni, dakika chache, ili mwendo usikatike. Tozo za miamala zilizoanza Julai 15 mwaka huo, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, zikamalizia kazi. Waliokuwa wakilipa kila kipindi wakaona bora walipe mara moja kwa mwezi. Serikali ilidhani inakusanya kodi; kwa kocha ilikuwa inampangia mshahara. Aliyelipa mwezi mzima alihudhuria kuliko aliyelipa siku kwa siku.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulimfundisha kupanga darasa kwa zamu ya mtaa, hadi Bwawa la Nyerere lilipoanza kutoa umeme Februari 2024. Kisha Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Bando lipo, mtandao hakuna. Kocha akarudi kwenye meseji za kawaida: "Kaa-inuka 10 mara 3, kanga magotini. Kupanda ngazi dk 8. Nitumie namba ya uchovu." Majibu yalikuja. Mama wa Mbagala alijibu kwa herufi kubwa tupu: SITA. MTANDAO WAO USINIPOTEZEE GOTI LANGU. Tangu hapo ratiba ya wiki hutumwa kwa meseji kila Jumapili, mtandao uwepo usiwepo.

Bei bado ni ugomvi. Watu wanaamini kitu cha simu ni cha bure au nusu ya bure, hata pale jicho linalowatazama ni lilelile. Juzi mzee mmoja wa Kigamboni, nahodha mstaafu, alikataa katakata.

"Shikamoo baba. Mwezi mmoja ni bei moja, nikija na nisipokuja."

"Marahaba. Usipokuja unaokoa nauli ya pantoni. Nipunguzie hiyo nauli."

Kocha akapunguza nauli ya pantoni, si zaidi, akamtumia makubaliano kwa meseji. Jibu likaja baada ya swala ya isha: "Nimeona. Jumatano njoo na kile kipimo cha presha. Mama hapa naye anataka kuanza, ila kamera hataki."