Mlangilangi wa Uani

Mgeni anayekuja kwangu alfajiri hunusa kabla hajauona mlango. Ni mlangilangi. Niliupanda mwanzoni mwa masika, mche wa shubiri moja tu, maana mzizi wake mkuu hushuka upesi na ukikatika wakati wa kuhamisha, mche hufa. Kutoka ukutani nilihesabu hatua kumi.

Mti huu ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, na hauishiwi majani mwaka mzima. Ukiachwa hupita mita 20, na maua hukaa huko juu, kwenye matawi mepesi kuvunjika.

Hapo ndipo penye neno. Mwaka mmoja, siku moja kabla ya harusi, tulipokea wodini kijana wa miaka 14 aliyepandishwa mlangilangi achume maua ya vikuba. Tawi likavunjika. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haunyooki mpaka leo. Sisi wauguzi wa Pemba tumezoea wanaoanguka mikarafuu wakati wa msimu. Huyu alianguka kwa ajili ya harufu tu!

Basi wangu ulipotimiza miaka mitatu nikamwita mwenye msumeno. Bibi jirani, ambaye ametungia vikuba maharusi wengi wa mtaa huu, alikuja mbio.

"Mwanangu, mti ndio kwanza unachanua, nawe waukata kichwa?"

Nilimweleza kwamba Komoro na kisiwa cha Nosy Be, wanakotoa mafuta yake (yamo katika manukato ya Chanel No. 5 tangu 1921), hukata kilele mti ungali mdogo na kuyainamisha matawi, na wanawake huchuma wamesimama chini. Hakusadiki. Wiki mbili hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Mvua iliponyesha ulichipua pembeni, na sasa nachuma bila kunyanyua kisigino. Ua la kijani halinukii sana. Subirini ligeuke manjano na doa jekundu lionekane kwenye shina la petali. Chumeni kabla jua halijawa kali.

Tumepatana na Bibi: maua ya siku za harusi ni yake, ya Jumamosi ni ya kanisani. Hata hivyo Jumamosi nyingine nakuta kapungua, na nyayo zake mchangani. Juzi ameniomba nimwitie yule mwenye msumeno. Nyuma ya nyumba yake upo mlangilangi uliolipita paa, na wajukuu anao sita.