UKIKUTA WIZI, USIFUNIKE CHUNGU



Ndugu mmoja ameniuliza wiki hii, "Pasta, kuna haja gani ya kutuma msaada nchi za vita, na wakubwa ndio wanaoula?" Swali zuri. Sisi wa Masii njaa hatuisomi kwenye gazeti. Wazee wetu wanakumbuka ukame wa 1984 na mahindi ya njano. Mwolyo tunaujua, na tunajua gunia linaweza kushuka kwenye lori na lisimfikie mjane.

Tazameni jirani yetu Ethiopia. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020. Mkataba wa kuvimaliza ulitiwa sahihi Pretoria, Novemba 2022, Uhuru Kenyatta akiwa mmoja wa wapatanishi. Mwaka uliofuata, shirika la Marekani, USAID, likasema kwamba katika soko moja tu la Tigray kimekutwa chakula cha msaada cha kuwatosha watu 134,000 mwezi mzima. Kimeibwa! Basi msaada ukasimamishwa, kwanza Tigray, halafu Juni 2023 Ethiopia nzima, hata kwa wakimbizi. Wakimbizi walianza kupewa tena Oktoba; wenyeji wengi walingoja hadi mwisho wa mwaka, taratibu za kuandikisha na kugawa ziliporekebishwa. Januari 2024, Ombudsman wa Ethiopia akasema karibu watu 400 wamekufa kwa njaa Tigray na Amhara. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Lakini ukame uliwakuta watu ambao sahani yao ilishaondolewa.

Mwizi alilala ameshiba. Aliyeadhibiwa ni mama aliyekuwa kwenye foleni.

Sasa fungua Matendo 6. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Je, mitume walifunga mgao? Hapana! Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo. Soma pia 2 Wakorintho 8. Paulo akipeleka mchango Yerusalemu alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu. Mtume mzima alikubali kusimamiwa!

Kwa hiyo ndugu yangu, jibu langu ni hili: toa, na uliza. Hesabu gunia kabla lori halijaondoka, na uhesabu tena likifika. Ukimkuta mwizi, mwondoe mwizi. Chungu kibaki jikoni.

Na tuanzie nyumbani. Mahindi tunayochanga kanisani yakigawanywa, watu watatu watie sahihi, mmoja wao awe mjane, na hesabu isomwe mbele ya wote. Mkiona pasta wenu anakasirika akiulizwa hesabu, ulizeni mara ya pili.

Baba, walinde wanaongoja chakula Ethiopia, Sudan na Kongo. Wape wagawaji mikono safi, nasi utupe ujasiri wa kuuliza. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika AMINA. Mbarikiwe.