Jeonju, ukikaa kimya umeharibu shoo

Basi bwana, nilifika Jeonju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, mwendo wa saa tatu hivi kwa basi kutoka Seoul. Usiku nikaingia kwenye ukumbi mdogo kusikiliza pansori, nikaketi kimya, mikono mapajani, kama niko kanisani.

Mbele walikuwa watu wawili tu. Mama mmoja kasimama na upepeo wake wa kukunja, na mzee mmoja kakaa chini na ngoma. Gitaa hakuna, bendi hakuna! Mama anaimba, mara anaongea, mara yeye ndiye baba, mara ndiye binti. Sauti yenyewe sasa, imekwaruza utadhani kalia usiku kucha. Kumbe ndivyo inavyotakiwa! Waimbaji wengine wa zamani walikwenda kufanya mazoezi kwenye maporomoko ya maji, mpaka sauti ishinde kishindo cha maji.

Tulipewa vipande viwili vya kisa cha Simcheong, binti aliyejiuza kwa mabaharia kwa magunia 300 ya mchele wa sadaka ili baba yake kipofu apate kuona. Kikorea sijui, lakini binti alipojitosa baharini, koo lilinikaba. Nilimkumbuka mzee wangu nyumbani. Miezi mitatu sijampigia simu, nasingizia kazi.

Mara kibibi jirani yangu akapayuka: “Olsigu!” Nikashtuka, huyu vipi, hana adabu? Kijana mmoja aliyejua Kiingereza akacheka, akaninong’oneza kuwa asiye na adabu ni mimi niliyenyamaza. Makelele hayo yana jina, chuimse, na ni sehemu ya wimbo. Ndiyo yanayomtia mwimbaji nguvu, maana kisa kizima huweza kwenda hata saa nane.

Zamani visa vilikuwa 12. Leo vinavyoimbwa kwa nyimbo zake za asili vimebaki 5 tu, na mwaka 2003 UNESCO iliitangaza pansori kuwa urithi wa dunia nzima.

Kipande cha pili, binti karudi, baba kafumbua macho. Nikajikuta nami napayuka: “Olsigu!” Nilichelewa, ukumbi ukacheka, kibibi akanipiga paja kwa furaha.

Nilipofika hotelini nikapiga simu nyumbani.

“Nani mwenzangu?” mzee akauliza.

Jamani, tusiwanyamazie wanaotungoja.